Mitoki ya shingoni na maziwa ya kibuyu

Hapa Hirbadaw mtu akiota uvimbe shingoni usiouma, wengi hukimbilia kuuchanja au kuuchoma. Nimewapokea wodini wakiwa na makovu ya chale, na mtoki uleule umekwisha kupasuka unatoa usaha. Mama mmoja alikaa hivyo mwaka mzima akijifunika kitenge.

Yupo daktari Mtanzania aliyeifuatilia mitoki hiyo kwa utafiti: Dk. Sayoki Mfinanga wa Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR). Yeye na wenzake, akiwemo Rudovick Kazwala, daktari wa mifugo wa Chuo Kikuu cha Sokoine, walichunguza kifua kikuu katika Mkoa wa Arusha, ambao hadi mwaka 2002 ulikuwa na Mbulu na Hanang ndani yake. Vinyama vilikatwa kwenye mitoki ya wagonjwa na kuoteshwa maabara. Kwa baadhi yao, kama walivyoandika mwaka 2004, viliota vijidudu vya kifua kikuu cha ng'ombe. TB nyingi huambukizwa kwa kikohozi cha mtu, hilo tusilisahau. Lakini maziwa mabichi nayo ni njia.

Napenda kwamba hawakuishia maabara. Waliuliza pia makabila mbalimbali wanaufahamuje ugonjwa huu, maana anayeamini amerogwa hataanzia hospitali.

Baadaye Dk. Mfinanga aliongoza utafiti mwingine, Dar es Salaam na Lusaka, uliotolewa mwaka 2015. Wagonjwa 1,999 wa UKIMWI waliochelewa kuanza dawa waligawanywa makundi mawili. Kundi moja lilipata huduma ya kawaida. La pili lilipimwa damu kutafuta kuvu wa homa ya uti wa mgongo, na watu wa kawaida waliofundishwa waliwatembelea nyumbani majuma ya mwanzo. Katika mwaka mmoja walifariki 18 kwa kila 100 wa kundi la kwanza, na 13 kwa kila 100 wa kundi la pili. Sisi wauguzi hatukushangaa sana!

Yule mama alipimwa, akakutwa na TB ya mitoki, akameza dawa za bure miezi sita. Sasa anachemsha maziwa mpaka yatokote ndipo ayagandishe. Mume wake bado analalamika kwamba mgando wake hauna ladha.