Mita 300 Zinazohama Kwenye Ramani

Chukua orodha ya bikoni za viwanja vya Dar es Salaam zilizopimwa kwa mfumo wa Arc 1960, iingize kwenye programu ya ramani ya QGIS kana kwamba ni namba za GPS, kisha utandaze picha ya setilaiti chini yake. Viwanja vyote vitakuwa vimehama kwa pamoja, karibu mita 300 kuelekea kaskazini na mita 90 hivi magharibi. Mpimaji wa zamani hakukosea, na setilaiti haikukosea.

Arc 1960 imejengwa juu ya duaradufu ya Clarke ya 1880, na mwanzo wake ni alama ya Buffelsfontein, Afrika Kusini. Kutoka huko vipimo vilisogezwa kaskazini, pembetatu kwa pembetatu, kwa kufuata longitudo ya 30. GPS hutumia WGS 84, ambayo kitovu chake ni kitovu cha uzito wa dunia. Vitovu vya mifumo hii miwili havikutani. Kwa Tanzania, kutoka Arc 1960 kwenda WGS 84 hupunguzwa mita 175, 23 na 303 kwenye mihimili mitatu. Mhimili huo wa tatu ndio unaoelekea Ncha ya Kaskazini, na ndiyo maana huku kwetu karibu na Ikweta sehemu kubwa ya tofauti huangukia kaskazini na kusini.

Programu haijui lolote kati ya hayo mpaka iambiwe. Hapo ndipo watu wengi hunaswa, kwa kuwa kuna amri mbili zinazofanana kwa sura. Ya kwanza hulipa tabaka jina la mfumo wake na haigusi namba hata moja. Ya pili hukokotoa namba upya na kutoa faili jipya. Kila mfumo una msimbo wake: tabaka la Arc 1960, kanda ya 37 kusini ya gridi ya UTM, lina msimbo wa EPSG 21037. La WGS 84 katika kanda hiyohiyo ni 32737. Ukichukua namba za 21037 ukazibandika jina la 32737, hujabadilisha chochote, umeidanganya programu tu, nayo itakuamini. Kwanza taja mfumo wa kweli wa data, ndipo uagize ubadilishaji.

Wakati wa kubadilisha, programu inaweza kukupa njia zaidi ya moja. Ipo ya Kenya (157, 2, 299), ipo ya Tanzania, na ipo ya wastani. Ukitumia ya Kenya kwa Dar es Salaam, utakosea mita kadhaa tu. Kwa ramani ya misitu si kitu. Kwa mpaka wa viwanja viwili ni kesi.

Kanda za UTM nazo zina mtego wake. Longitudo ya 36 hutenganisha kanda ya 36 na ya 37, nayo hupita kati ya Dodoma na Morogoro. Mradi wa barabara kati ya miji hiyo una data za kanda mbili, kwa hiyo chagua kanda moja na uhamishie kila kitu humo kabla ya kupima urefu. Eneo nalo usilipime kwa namba zilizo katika digrii.

Kosa jepesi kuligundua ni la kupindua latitudo na longitudo. Dar es Salaam ikijikuta Hispania, karibu na mpaka wa Ureno, hakuna haja ya kuuliza.

Ukipewa faili lisilo na maelezo ya mfumo, soma namba zenyewe. Namba ya kaskazini inayoanzia milioni 9 huashiria UTM ya kusini, maana huko Ikweta hupewa 10,000,000 na namba hupungua kadiri unavyoshuka. Lakini namba hizo hazikuambii kama ni Arc 1960 au WGS 84. Jibu hilo huandikwa pembezoni mwa ramani ya karatasi au kwenye plani ya mpimaji. Ukilikosa huko, nenda na GPS kwenye bikoni moja ambayo bado imesimama, ulinganishe: tofauti ya mita 300 huonekana hata kwa kifaa cha mkononi.