Saikolojia ndani ya gereza: kazi gani inakungojea?

Wako wanafunzi wa saikolojia wenye wanatakaka kufanya staji gerezani. Wengine wanawaza wataketi mbele ya muuaji mkubwa kama katika filme, wamuchunguze akili. Boloko zetu hazifanane na filme.

Tuangalie Makala, gereza kuu la Kinshasa, lenye lilijengwa mwaka 1957 kwa wafungwa 1500. Tarehe 2 Septemba 2024, watu walipojaribu kutoroka, serikali ilitangaza vifo 129, wengi kwa kusongamana na kukosa hewa. Ndani mulikuwa zaidi ya wafungwa 10000, na sehemu kubwa yao hawakuwa wamehukumiwa.

Hilo la mwisho ndilo utakutana nalo kila siku. Mutu mwenye amepewa miaka tano anahesabu siku zake. Mwenye dosie yake inalala parke, atahesabu nini? Anakuja anakuambia hapati usingizi, moyo unapiga mbio, chakula hakipiti. Ukiandika paka «huzuni kali», umeacha nusu ya jambo, juu dawa yake ya kwanza pengine ni avoka. Kwa hiyo jifunze kusoma dosie hata kidogo. (Kifungu cha 18 cha Katiba kinasema polisi hawawezi kumushika mutu kupita saa 48 bila kumufikisha mbele ya mwenye mamlaka ya sheria. Wafungwa wengi hawakijui.)

Halafu kuna siri. Pale utapata wapi chumba chenye mulango unaofungika? Mara nyingi mutaongea uani, na kapita, yaani mfungwa mwenye kuongoza wenzake, anapita-pita karibu. Kisha mkuu wa gereza anakuuliza kwa upole: «Yule amekuambia nini?» Kanuni za Mandela, zenye Umoja wa Mataifa ulipitisha mwaka 2015, zinalinda siri ya mgonjwa gerezani sawa na inje. Lakini kanuni haitajibu mahali pako. Siku ya kwanza kabisa, mwambie mfungwa ni nani amekutuma, na ni mambo gani huwezi kuficha: kama anataka kujiua ao kuua mwingine. Na daftari yako, andika kidogo. Ukitumwa na tribinali kumupima mutu, usijifanye mwenye kumutunza. Kofia mbili kwa kichwa kimoja zinaharibu zote.

Sasa jambo lenye linanisumbua zaidi. Septemba 2020, katika gereza la Kasapa kule Lubumbashi, wakati wa fujo, wanawake wafungwa walibakwa kwa siku kadhaa. Darasani tunafundishwa: kwanza usalama, kisha kumbukumbu. Lakini mama mwenye analala palepale alipoumizwa, usalama wake uko wapi? Kumusukuma asimulie yote ni kumurudisha kule na kumuacha. Uanze na yenye inawezekana: alale karibu na nani, nani anamuletea chakula, daktari amemuona? Hiyo pia ni kazi ya saikolojia, hata kama profesa hakuiweka katika kozi.

Jambo ingine dogo: kazi hizi mara nyingi ni za mradi, kontra ya miezi michache. Tarehe yako ya kuondoka, waambie mapema. Wale watu wameishaachwa bila kuambiwa kitu na wengi kabla yako.