Pweza wa Kilwa Masoko: faida iko kwenye kusubiri

MARA mbili kila mwezi soko la pweza la Kilwa Masoko huchangamka kwa siku chache, kisha hulala. Anayelifungua na kulifunga si Serikali wala mnunuzi, ni maji. Wakati wa bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, tofauti ya maji kujaa na kupwa hupita mita 3. Majira ya saa nne asubuhi mwamba huwa wazi, na wachokoaji, wengi wao wanawake, hushuka kwa miguu. Maji mafu yakiingia, mizani inapumzika.

Kwa mtaji, hakuna uvuvi mwepesi kuliko huu. Hauhitaji mashua, injini wala nyavu. Mchokoaji anahitaji kijiti chenye ncha, kikapu, viatu vya kumkinga na miba, na jicho. Pweza hujificha shimoni, lakini mlangoni huacha mawe na maganda ya kaa na kome aliokwisha kuwala. Asiyejua hupita, anayejua huinama. Ndiyo maana mama asiye na chombo anaweza kutoka ufukoni na fedha ya unga na ada ya shule siku hiyo hiyo.

Mchangani na kwenye majani ya bahari hupatikana pia gayogayo, samaki bapa mwenye macho yote mawili upande mmoja, ambaye wengine humwita wayo. Hujifukia mchanga akabaki macho tu, hivyo hupatikana kwa mshipi au kwa ncha ya mtu atembeaye polepole. Jamii yake ni ya samaki wa bei katika mahoteli ya Ulaya, lakini pwani hii hupatikana mmoja mmoja, na safari yake huishia chunguni. Anayebeba biashara ni pweza.

Mwenye barafu ndiye mwenye bei

Pweza huozea mkononi upesi. Mchokoaji asiye na barafu hana nafasi ya kukataa bei: akimkataa mchuuzi asubuhi, jioni mzigo haufai. Njia yake nyingine ni kumkausha au kumuuza kwa wapika supu. Mchuuzi mwenye boksi la barafu humpelekea mwenye kiwanda, na kiwanda husindika na kugandisha kwa wanunuzi wa Italia, Hispania na Ureno. Bei inayotajwa chini ya mnazi, kwa hiyo, huanzia mbali. Mwaka 2020, mahoteli ya Ulaya yalipofungwa kwa ugonjwa wa Uviko, pwani ya Afrika Mashariki iliyaona mabadiliko hayo kwenye mizani.

Barabara nayo ina neno lake. Kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa mwaka 2003, mzigo wa Dar es Salaam ulisubiri kivuko kwenye Mto Rufiji, na masika yaliweza kuufunga mji. Lami imepunguza adha hiyo lakini haikuimaliza: Mei 2024 mvua za kimbunga Hidaya zilikata barabara ya Lindi eneo la Somanga, na magari yakakwama. Bandari ya uvuvi ya Kilwa Masoko, iliyowekewa jiwe la msingi Septemba 2023, inatazamwa na wafanyabiashara kama jibu la barafu na hifadhi.

Hesabu ya kilo

Hata hivyo tatizo kubwa si usafiri, ni ukubwa wa pweza mwenyewe. Kanuni za uvuvi za mwaka 2009 zinakataza kuvua pweza chini ya gramu 500. Watu wengi wanapopita mwamba mmoja kila bamvua, wadogo huondolewa kabla hawajakua, tena kabla hawajataga.

Pweza huyu huishi mwaka mmoja hivi au zaidi kidogo, na hukua kwa kasi. Jike hutaga mara moja tu, huyalinda mayai bila kula, na yakianguliwa hufa. Chukua mfano: pweza 10 wa nusu kilo ni kilo 5. Wakiachwa wakafikia kilo moja na nusu, hata kama 4 watapotea, 6 waliobaki ni kilo 9. Hakuna benki inayotoa riba ya namna hiyo kwa miezi michache.

Hesabu hii ndiyo iliyozaa mtindo wa kufunga mwamba. Andavadoaka nchini Madagaska walianza mwaka 2004, Kisiwa Panza huko Pemba wakafuata, na Songosongo, wilayani Kilwa, nako kumejaribiwa. Kwa kawaida sehemu ya mwamba hufungwa miezi mitatu, na vikundi vya usimamizi wa rasilimali za uvuvi, BMU, huweka walinzi.

Lakini nani hulipa kungoja? Mwanamke wa mguu ndiye hukosa mboga ya leo. Siku ya kufungua, mzamiaji mwenye miwani na mashua, pengine kutoka mbali, humtangulia, na aliyesubiri hukuta mashimo matupu. Mwamba ukifunguliwa hivyo, mara ya pili hakuna atakayekubali kuufunga.

Wafanyabiashara wenye nia ya kudumu wana la kufanya kabla ya bango la kufunga kusimikwa. La kwanza ni kukubaliana kwa maandishi kwamba bamvua la kwanza baada ya kufungua ni la watembeao kwa miguu. La pili ni kuacha sehemu nyingine ya mwamba wazi, na kukopesha kupitia vikoba kwa miezi ya kungoja. La tatu ni bei kwa daraja: pweza mkubwa alipwe zaidi kwa kilo, na aliye chini ya nusu kilo asipokelewe kabisa. Mnunuzi anayepokea mdogo leo anajinunulia uhaba wa kesho.