Bei haikupanda hata sedi moja, ila nilikula hasara: Ghana na mafuta ya shea vilivyonifundisha biashara



Leo sina mbinu ya kupata wafuasi wengi wala maneno ya kuweka kwenye statasi. Nataka nikwambie jinsi mzigo wa kilo 120 ulivyokaribia kunifungia duka langu la mtandaoni. Mzigo haukuibiwa, na wala sikutapeliwa. Kila mtu niliyefanya naye kazi alikuwa mwaminifu. Nilichokosa ni kimoja: sikuijua nchi niliyokuwa naagiza.

Nauza mafuta ya nywele na ngozi, Instagram na WhatsApp, niko Dar. Bidhaa inayoniweka mjini ni mafuta ya shea, yale magumu yenye rangi ya maziwa, yasiyosafishwa kiwandani. Najua hapo Uganda kaskazini shea ipo, na nimeshawahi kuiuza. Ni nzuri, ila ni laini na joto la Dar huiyeyusha haraka. Wateja wangu wanataka ile ya Afrika Magharibi inayoshika umbo kwenye kopo. Ndo maana nikaenda Ghana.

Januari 2025 nikapata kikundi cha akina mama karibu na Tamale, kaskazini mwa Ghana, kupitia dada mmoja wa Accra anayefanya uwakala. Bei ikakaa sedi 50 kwa kilo. Sedi ndiyo pesa yao. Nikapiga hesabu hivi:

Kilo 120 mara sedi 50 ni sedi 6,000. Wakati ule dola moja ilikuwa karibu sedi 15, kwa hiyo ni dola 400. Dola kwetu ilikuwa kama shilingi 2,500, hivyo milioni moja kamili. Kago na gharama za kutoa mzigo, dola 600, ni milioni moja na nusu. Jumla milioni 2.5. Nikauza kwa oda ya kulipia mapema, kilo 25,000. Mauzo milioni 3, faida laki tano. Safi kabisa.

Nikatangaza. Wateja 46 wakalipa advansi ya nusu. Nikasema mzigo unatoka mwisho wa Mei, maana nilitaka oda zijae kwanza. Na niseme ukweli: katikati hapo nikachota laki tatu kwenye hela ya wateja nikalipa ada ya mtoto. Nilijiambia faida itaziba.

Mwisho wa Mei nikamwandikia dada wa Accra, nipe jumla nitume hela. Akanitumia voisi, ametulia tu: jumla ni sedi 6,000, kama tulivyokubaliana. Kisha akaongeza, dada yangu, ila ujue dola sasa hivi ni sedi 10 na kidogo.

Nikadhani nimesikia vibaya. Nikaenda kuangalia. Kweli. Sedi 10.3 kwa dola. Sedi 6,000 zilizokuwa dola 400 sasa ni dola 582. Na shilingi yetu nayo ilikuwa imeteleza, dola imefika karibu 2,690. Mafuta peke yake yakawa milioni 1.56. Kago dola zilezile 600, lakini kwa shilingi ni milioni 1.61. Jumla inakaribia milioni 3.18, na mimi nimeshauza kwa milioni 3.

Mama wa Tamale hakupandisha hata sedi moja. Hasara ilitoka mahali ambapo sikuwa naangalia.

Kumbe nchi ndo inapanga bei

Usiku ule sikulala, nikaanza kusoma kuhusu Ghana kama mtu anayesomea mtihani. Ngoja nikupe kwa ufupi, maana itakusaidia hata kama unaagiza vitenge, viatu au korosho.

Ghana ni ndogo kuliko tunavyodhani. Eneo lake ni kama robo ya Tanzania, na sensa yao ya 2021 ilihesabu watu milioni 30.8, nusu ya sisi. Kusini kuna bahari, kaskazini Burkina Faso, magharibi Ivory Coast, mashariki Togo. Inauza nje vitu vitatu vikubwa: dhahabu, kakao na mafuta ya petroli, ambayo walianza kuyachimba kibiashara Desemba 2010. Kwenye kakao kwa muda mrefu imekuwa ya pili duniani nyuma ya Ivory Coast. Kwenye dhahabu ni kinara wa Afrika.

Sasa mwaka 2025 bei ya dhahabu duniani ilipaa, dola yenyewe ikalegea, na serikali yao ikaunda bodi ya kununua dhahabu ya wachimbaji wadogo ili fedha za kigeni ziingie benki kuu. Sedi ikapanda kwa kasi iliyowashangaza hata wao. Kwa lugha ya dukani: dhahabu ya kusini ilinipandishia bei ya mafuta ya kaskazini.

Na usidhani sedi hupanda tu. Mwaka 2022 ilikuwa kinyume kabisa. Walianza mwaka dola ikiwa kama sedi 6, Novemba ikapita 14. Desemba mfumuko wa bei ukafika asilimia 54.1, serikali ikasimamisha kulipa sehemu kubwa ya madeni yake ya nje, na Mei 2023 Shirika la Fedha la Kimataifa likaidhinisha mkopo wa dola bilioni 3. Mtu wa nje aliyenunua kipindi kile aliona sedi rahisi, lakini bei za sokoni zilikuwa zinabadilika kila wiki. Sarafu ya namna hiyo huwezi kuipangia bei ya miezi mitano kwa kichwa, kama nilivyofanya mimi.

Mafuta yako kaskazini, bandari iko kusini

Jambo la pili ni ramani. Mti wa shea hauoti pwani. Unaota kaskazini, kwenye nyika kavu, na mvua ya huko ni ya msimu mmoja tu, takribani Mei hadi Oktoba. Kokwa huanguka kati ya Mei na Agosti. Akina mama huamka alfajiri kuokota, wanachemsha, wanaanika, wanabangua, wanakaanga, wanasaga, halafu wanakanda kwa mikono na maji mpaka mafuta yatengane. Ile kilo unayoiona kwenye kopo imepita mikono mingi.

Maana yake kwako muuzaji: ukiagiza Mei, unanunua mafuta ya kokwa za mwaka jana, na zimebaki chache. Ukiagiza kuanzia Agosti au Septemba, kokwa mpya zimejaa maghalani. Mimi nilichagua mwezi mbaya kuliko yote bila kujua.

Kutoka Tamale hadi Accra ni zaidi ya kilomita 600 kwa barabara kupitia Kumasi, inakaribia kutoka Dar hadi Singida. Nikauliza, treni je? Reli ya wakoloni ilijengwa kubeba dhahabu na kakao: ilitoka Sekondi ikafika Kumasi mwaka 1903, na ya Accra kwenda Kumasi ikakamilika 1923. Haikuvuka Kumasi kwenda kaskazini. Ziwa Volta lipo, lile lililotokea bwawa la Akosombo lilipokamilika 1965, na lina ukubwa wa kilomita za mraba kama 8,500. Lakini mzigo mwingi bado ni wa lori. Kwa hiyo mafuta yako yanapanda lori kwanza, ndipo yafike uwanja wa ndege Accra au bandari ya Tema.

Na umeme. Waghana wana neno lao, dumsor, yaani zima-washa. Lilivuma sana miaka ya 2012 hadi 2016 umeme ulipokuwa wa mgao. Sisi tuliozoea mgao tunaelewana nao. Siku hizi namuuliza muuzaji: mashine ya kusaga ni ya umeme au ya dizeli? Jibu lake linanionyesha kama tarehe aliyonipa ni ya kweli.

Nilivyotoka kwenye shimo

Nilikuwa na njia tatu. Kununua mafuta hafifu na kunyamaza. Kukimbia, nibadilishe namba. Au kusema ukweli.

Nikaandika ujumbe mmoja, nikautuma kwa kila mteja peke yake, si kwenye grupu. Nikaeleza pesa ya Ghana imepanda, nikaweka hesabu wazi, nikatoa chaguo mbili: ongeza 3,000 kwa kilo, au nikurudishie advansi yako yote ndani ya siku saba.

Watu 31 wakakubali kuongeza. Wawili wakaniambia hata wao wanauza mtandaoni, wanaelewa. Watu 11 wakataka hela yao. Wanne hawakujibu, nikawarudishia pia. Na hapo ndipo ile laki tatu ya ada iliponitokea puani. Niliuza friji ndogo niliyokuwa nawekea bidhaa ili nitimize siku saba. Mteja wa mwisho nilimrudishia siku ya sita, saa nne usiku.

Nikapunguza oda hadi kilo 90. Sedi 4,500, dola 437, na kago dola 450. Kwa shilingi ni kama milioni 2.39. Zote nikauza kwa 28,000, nikapata milioni 2.52. Faida laki moja na thelathini na kitu badala ya laki tano. Ndogo, ila jina langu lilibaki. Kati ya wale 15 niliowarudishia hela, sita wameshanunua kwangu tena.

Mzigo ulipofika ulikuwa na chengachenga kama sukari ndani. Nikaogopa umeharibika. Hapana. Uliyeyuka njiani, ukaganda polepole. Unaupasha taratibu mpaka uyeyuke wote, kisha unaupoza haraka kwenye friji, unarudi laini. Friji yenyewe ndo hivyo, nikaazima ya jirani.

Chukua haya uondoke nayo

1. Uliza bei iko kwenye sarafu gani. Kama ni sarafu ya kwao, bei uliyopewa ni ya siku hiyo tu. Ukipanga kulipa baadaye, weka asilimia 15 hadi 20 ya tahadhari, na kwa sarafu yenye historia kama ya sedi, usipange zaidi ya mwezi mmoja. Mabadiliko ya 2025 hata asilimia 20 isingeyatosha.

2. Ukipokea advansi, lipia mzigo mapema. Kama ningetuma hela ya mafuta Februari, nisingekuwa na hadithi hii. Kama humwamini muuzaji kiasi cha kulipa mapema, basi usichukue hela za watu mapema.

3. Hela ya mteja si yako mpaka mzigo umfikie. Ifungulie laini yake au akaunti yake. Usiiguse, hata kwa ada.

4. Jua msimu wa bidhaa yako. Kila kinachoota kina mwezi wake. Muulize muuzaji, mavuno ni lini?

5. Angalia ramani kabla ya kuahidi tarehe. Inatoka sehemu gani ya nchi? Inafikaje bandarini? Mvua zinaanza lini? Halafu omba anwani kamili. Ghana tangu 2017 wana mfumo wa anwani za kidijitali, kila jengo lina kodi yake. Muuzaji anayekataa kutoa kodi ya stoo yake, mtilie shaka.

6. Makato ya miamala yawe kwenye hesabu. Sisi tulilia na tozo mwaka 2021. Wao walikuwa na yao ya asilimia 1.5 kuanzia Mei 2022, ikafutwa 2025. Makato yakibadilika, bei ya wakala nayo hubadilika.

7. Vipodozi huku kwetu viko chini ya TBS tangu 2019. Nenda kaulize masharti kabla hujaagiza, usisubiri mzigo uwe umezuiwa. Na kwa kuwa Ghana na Tanzania zote zimo kwenye eneo huru la biashara la Afrika, ambalo makao yake yako Accra, muulize wakala kuhusu cheti cha uasilia wa bidhaa. Inaweza kukupunguzia ushuru.

Septemba niliagiza tena. Safari hii nililipa mafuta yote siku ileile tuliyokubaliana bei, ndipo nikatangaza. Mama wa Tamale akanitumia picha ya kokwa zimeanikwa uwanja mzima. Nikaiweka statasi, nikaandika tu: mzigo umeshalipiwa, karibuni.

Una bidhaa unayoitoa nje ya nchi? Kabla hujalala leo, angalia sarafu ya huko ilikuwa ngapi miezi sita iliyopita, na leo ni ngapi. Halafu rudi kwenye bei yako ya kuuzia uipige upya. Na kama una mwenzako anayechukua advansi za oda, mtumie hii aisome mapema.