UGANDA: UONGOZI WA WANAOISHI NA VIRUSI VYA UKIMWI

Mwezi Septemba 1986, wakuu wa nchi zisizofungamana na upande wowote walipokutana Harare, Fidel Castro wa Kuba alimpa Rais Yoweri Museveni wa Uganda habari nzito. Uganda ilikuwa imepeleka askari 60 Kuba kwa mafunzo. Walipopimwa afya, 18 kati yao walikutwa na virusi vya UKIMWI. Museveni mwenyewe amelisimulia jambo hilo mara nyingi. Jeshi lililokuwa limetwaa madaraka mwezi Januari mwaka huohuo lilikuwa limekwisha kuingiliwa na adui asiyeweza kuonekana kwa darubini ya vita.

Serikali ya Uganda, tofauti na serikali nyingi za wakati ule, iliamua kusema wazi. Lakini tangazo la serikali ni jambo moja, na mgonjwa kusimama mbele ya jirani zake ni jambo jingine kabisa. Ugonjwa huo uliitwa silimu kwa sababu wagonjwa walikonda, na aliyekonda alihesabiwa kuwa mzinzi au mtu aliyelogwa.

Mwaka 1987 Noerine Kaleeba, mtaalamu wa tiba ya viungo aliyefiwa na mumewe kwa ugonjwa huo, aliunda pamoja na wenzake shirika la TASO. Wengi wa waasisi hao walikuwa na virusi wenyewe, na wengi wakafa kabla dawa hazijafika. Walianza kwa kukaa pamoja na kufarijiana. Kisha aliyefarijiwa akafundishwa kumshauri mwenzake. Uongozi ulianza kujengwa hapo, katika kazi ndogo ya kila siku, kabla ya jukwaa lolote.

Mwanamuziki Philly Lutaaya alipotangaza hali yake mwaka 1989, watu wengi hawakumsadiki. Walidai kuwa anatafuta fedha. Aliendelea kuzunguka mashuleni na makanisani, hata akafariki mwezi Desemba mwaka huo. Wenye mashaka walinyamaza baada ya mazishi, yaani wakiwa wamechelewa.

Mfano unaowagusa zaidi wenye sare ni wa Meja Rubaramira Ruranga, mpiganaji wa vita vya msituni, aliyejieleza hadharani kuwa anaishi na virusi na kuanzisha mtandao wa watu wenye hali kama yake. Maneno ya daktari askari huweza kuyapuuza, akisema kuwa raia huyo hayajui maisha ya kambini. Afisa mwenye cheo na rekodi ya vita hapuuzwi kwa urahisi namna hiyo.

Hata hivyo, ujasiri wa mtu mmoja peke yake haujawa uongozi. Kwa miaka mingi wenye virusi waliitwa mikutanoni watoe ushuhuda, wakapigiwa makofi na kupewa nauli. Bajeti ilipojadiliwa, walikuwa wamekwisha kuondoka. Hilo lilikuwa onyesho tu. Tarehe 1 Desemba 1994, nchi 42 zilikubaliana mjini Paris kwamba watu hao washirikishwe katika maamuzi yenyewe. Ili ahadi hiyo iwe na maana, anayeketi mezani sharti ajue kusoma hesabu, aijue sheria, na awe na kundi litakalomuuliza alisema nini huko.

Tena sharti awe na uhakika wa kazi yake. Siku hizi dawa hukiweka kiwango cha virusi chini mno hata mtumiaji asimwambukize mwenzake kwa njia ya ngono. Lakini askari anayeogopa kufukuzwa huficha vidonge. Akienda operesheni huviacha nyuma, na virusi hupata nafasi ya kujenga usugu. Hofu hiyo humdhuru yeye, mwenzi wake na kikosi kizima. Haiwezi kuondolewa kwa hotuba ya mgeni rasmi ikiwa amri za kambi zinasema vingine.

Nchini Zambia, watu wawili walioachishwa kazi katika Jeshi la Anga waliipeleka serikali mahakamani. Mwaka 2010 Mahakama Kuu iliwapa fidia kwa kuwa walipimwa virusi bila ridhaa yao. Dai lao kwamba waliondolewa jeshini kwa sababu ya virusi hivyo, mahakama hiyo haikulikubali.