Warsha ya ujenzi wa asili

Warsha ya ujenzi wa asili ni mafunzo ya vitendo ambamo watu hujifunza kujenga kwa vifaa vinavyopatikana karibu na mahali pa ujenzi, kama vile udongo, mchanga, mawe, chokaa, nyasi kavu, miti na mianzi. Mara nyingi mafunzo hayo huunganishwa na somo la kubuni nyumba inayotumia nishati kidogo, yaani nyumba ambayo hubaki na ubaridi wakati wa joto, au na joto wakati wa baridi, bila kutegemea sana mashine.

Warsha huweza kuchukua siku mbili au wiki kadhaa. Washiriki hawakai darasani kwa muda mrefu: huchimba udongo, huukanyaga kwa miguu, hufyatua matofali na kupiga lipu. Kwa kawaida kazi yao huacha kitu kinachotumika, kwa mfano ukuta, jiko, baraza, choo au chumba kizima.

Sababu kuu ya kufundisha kwa njia hiyo ni kwamba udongo haufanani mahali pote. Mfuko wa saruji hutoka kiwandani ukiwa umeshapimwa, lakini udongo unaochimbwa kiwanjani haujapimwa na mtu yeyote. Unaweza kuwa na mfinyanzi mwingi ukapasuka, au mchanga mwingi ukamomonyoka. Kitabu kinaweza kueleza hatari hizo, lakini kiasi cha maji, uzito wa mchanganyiko na dalili za ukuta uliokauka vibaya hujulikana kwa kushika na kuona.

Historia

Kwa karne nyingi ujenzi wa udongo haukuhitaji warsha, kwa sababu watoto waliujua kwa kuwasaidia wakubwa. Katika pwani ya Afrika Mashariki kuta za viambaza zilijengwa kwa nguzo na fito zilizofungwa pamoja, kisha zikakandikwa udongo. Kazi ya kukandika mara nyingi ilifanywa na ndugu na majirani pamoja. Huko Djenné nchini Mali, wakazi hukusanyika kila mwaka kuupaka upya udongo Msikiti Mkuu, ambao jengo lake la sasa lilikamilika mwaka 1907. Shughuli hiyo hulinda jengo dhidi ya mvua, na wakati huohuo vijana hujifunza kazi kutoka kwa mafundi wazee.

Katika karne ya 20 saruji na mabati vilienea, na sehemu nyingi ujuzi huo ulianza kupotea. Msanifu majengo Hassan Fathy wa Misri alikutana na tatizo hilo wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, mbao na chuma vilipoadimika. Alitaka kuezeka kwa matao ya matofali mabichi bila kutumia mbao, lakini majaribio yake ya kwanza yalianguka. Jibu alilipata kwa mafundi Wanubi wa eneo la Aswan, ambao bado walijua kujenga matao hayo bila kiunzi cha kuyashikilia. Baadaye alifanya kazi na mafundi hao katika kijiji cha Gurna Mpya karibu na Luxor, kilichoanza kujengwa mwaka 1945. Hata hivyo wengi wa watu waliokusudiwa kuhamishiwa huko walikataa kuondoka katika makazi yao ya zamani. Gurna Mpya hutajwa hadi leo kama mfano wa mambo mawili: kwamba ufundi wa kale unaweza kufufuliwa, na kwamba nyumba nzuri haitoshi ikiwa watakaoikaa hawakuichagua.

Katika miaka ya 1950, mhandisi Raúl Ramírez kutoka Chile alibuni mjini Bogotá, Kolombia, mashine ya mkono iitwayo CINVA-Ram. Mashine hiyo hushindilia udongo wenye saruji kidogo kuwa tofali lisilohitaji kuchomwa. Ilienea katika nchi nyingi zinazoendelea, na mashine nyingi za baadaye zilifuata wazo lake.

Mgogoro wa mafuta wa mwaka 1973 uliongeza hamu ya kujenga nyumba zisizotumia nishati nyingi. Tangu miaka hiyo vilianzishwa vituo kadhaa vinavyofundisha kwa vitendo:
- Kituo cha Teknolojia Mbadala karibu na Machynlleth, Wales, kilichoanzishwa mwaka 1973 katika machimbo ya mawe yaliyoachwa;
- CRAterre mjini Grenoble, Ufaransa (1979), ambacho kimejikita katika usanifu wa udongo;
- shule ya Yestermorrow katika jimbo la Vermont, Marekani (1980), ambapo wanafunzi husanifu na kujenga pia;
- Taasisi ya Udongo ya Auroville, kusini mwa Uhindi (1989);
- Cal-Earth mjini Hesperia, California (1991), iliyoanzishwa na msanifu Nader Khalili, mzaliwa wa Iran, inayofundisha kujenga kuba kwa mifuko mirefu iliyojazwa udongo.

Yanayofundishwa

Kupima udongo

Somo la kwanza huwa ni kuujua udongo. Tabaka la juu lenye mizizi na mboji huondolewa, kwa kuwa mboji huoza na kuacha matundu ukutani. Udongo wa chini yake hutiwa katika chupa ya kioo yenye maji, hutikiswa na kuachwa utulie. Mchanga hushuka ndani ya dakika ya kwanza, chembe laini zaidi hufuata, na mfinyanzi huchukua muda mrefu, pengine siku nzima au zaidi. Unene wa matabaka huonyesha kwa makadirio udongo una nini ndani yake.

Jaribio jingine ni kuviringisha udongo wenye unyevu kama kamba. Ukikatika mara moja, mfinyanzi ni kidogo. Ukijikunja bila kukatika, mfinyanzi ni mwingi na utahitaji mchanga. Baada ya hapo washiriki hutengeneza matofali ya majaribio yenye viwango mbalimbali vya mchanga, huyakausha na kuyalinganisha. Hatua hii huchukua siku kadhaa na huwachosha wenye haraka, lakini kosa likionekana kwenye tofali moja hasara yake ni ndogo kuliko likionekana kwenye ukuta.

Njia za kujenga

Njia zinazofundishwa zaidi ni hizi:
- Matofali mabichi: tope hutiwa katika kalibu na kukaushwa, kwanza kivulini ili yasipasuke, kisha juani.
- Kobu: udongo, mchanga na mabua hukanyagwa juu ya turubai, kisha ukuta hufinyangwa kwa mkono tabaka kwa tabaka. Mtindo huu ni wa zamani huko Devon, Uingereza, na ulifufuliwa nchini Marekani mwishoni mwa karne ya 20.
- Udongo ulioshindiliwa: udongo wenye unyevu kidogo hupondwa ndani ya mbao za kukingia hadi ugumu wake ukaribie ule wa jiwe.
- Matofali ya kufungamana: udongo na saruji kidogo hushindiliwa kwa mashine. Matofali huwekwa unyevunyevu kwa siku nyingi ili saruji ikomae, na kwa kuwa hayachomwi, hayahitaji kuni.
- Marobota ya mabua: ukuta hupangwa kwa marobota na kupigwa lipu pande zote mbili. Njia hii ilianza Nebraska, Marekani, mwishoni mwa karne ya 19, mahali ambapo miti ilikuwa michache.

Kukinga maji

Adui mkubwa wa nyumba hizi ni maji. Kwa hiyo mafunzo hutilia mkazo msingi wa mawe au zege ulioinuka juu ya ardhi, na paa lenye upenu mpana. Lipu nayo huchaguliwa kwa uangalifu. Lipu ya udongo au chokaa huruhusu unyevu kutoka. Lipu ngumu ya saruji juu ya ukuta wa udongo huweza kupasuka, maji yakaingia na kukaa nyuma yake bila kuonekana, hadi ukuta uanze kubomoka.

Nyumba inayotumia nishati kidogo

Watu wengi hudhani kwamba ukuta mnene wa udongo huzuia joto. Kwa kweli udongo si kihami kizuri. Sifa yake ni kuhifadhi joto na kulitoa polepole. Ukuta mnene hupokea joto la mchana na kulifikisha ndani saa nyingi baadaye. Sifa hii husaidia sana mahali penye mchana wa joto na usiku wa baridi, kama nyanda kavu za ndani ya nchi. Marobota ya mabua yana sifa tofauti: huhifadhi joto kidogo, lakini huzuia joto kupita, na kwa hiyo hufaa zaidi nchi zenye baridi kali.

Katika pwani yenye unyevu, kama Dar es Salaam au Mombasa, usiku haupoi sana. Huko ukuta mnene hauleti faida kubwa, na upepo ndio unaohitajika: madirisha yanayotazamana, dari iliyoinuka na kivuli cha kutosha. Karibu na ikweta jua la asubuhi na la jioni hupiga kuta za mashariki na magharibi. Kwa sababu hiyo wanafunzi hushauriwa kuelekeza upande mfupi wa nyumba huko, na kuweka madirisha makubwa upande wa kaskazini na kusini chini ya upenu. Katika Ulaya na Amerika ya Kaskazini madirisha makubwa huelekezwa kusini ili jua la majira ya baridi liingie ndani.

Kipimo maarufu cha nyumba za aina hii katika nchi za baridi kilitokana na nyumba zilizojengwa Darmstadt, Ujerumani, mwaka 1991. Kiwango hicho hutaka nyumba isihitaji zaidi ya kilowati-saa 15 kwa kila mita ya mraba kwa mwaka kwa ajili ya kupasha joto. Jambo jingine la kuzingatia, nje ya kiwango hicho, ni nishati iliyotumika kutengeneza vifaa vyenyewe. Utengenezaji wa saruji pekee hutoa takriban asilimia 7 hadi 8 ya hewa ya kaboni inayotokana na shughuli za binadamu.

Mifano ya Afrika

Huko Gando, Burkina Faso, msanifu Francis Kéré alijenga shule ya msingi katika kijiji alichozaliwa, ikakamilika mwaka 2001. Wanakijiji walitilia shaka udongo, kwa sababu walikuwa wameona kuta zake zikibomolewa na mvua. Kéré aliuchanganya na saruji kidogo na kuinua paa la bati juu ya dari ya matofali ili hewa ya moto itoke. Wanakijiji waliofanya kazi hiyo walipata ujuzi walioutumia katika majengo yaliyofuata. Mwaka 2022 Kéré alikuwa Mwafrika wa kwanza kupata Tuzo ya Pritzker.

Shirika la La Voûte Nubienne, lililoanzishwa mwaka 2000, hufundisha mafundi wa Sahel kuezeka kwa matao ya matofali mabichi. Mafunzo hufanyika kwenye nyumba halisi za wateja, na mwanafunzi hukaa na fundi kwa muda mrefu kuliko warsha ya kawaida.

Mjini Kigali, Rwanda, uwanja wa kriketi wa Gahanga uliofunguliwa mwaka 2017 una matao makubwa ya vigae vya udongo vilivyoshindiliwa na wafanyakazi wa hapohapo. Nchini Tanzania, Wakala wa Taifa wa Utafiti wa Nyumba Bora na Vifaa vya Ujenzi ulieneza mashine za matofali ya kufungamana na kufundisha vikundi kuzitumia.

Usalama na mipaka

Udongo usiojengwa kwa ujuzi unaweza kuua. Tetemeko la ardhi la Bam, Iran, la tarehe 26 Desemba 2003 liliua watu zaidi ya 26,000, wengi wao wakiwa ndani ya nyumba za matofali mabichi zilizoporomoka. Katika maeneo ya matetemeko, kuta za udongo zinahitaji mkanda wa kuzifunga juu, pembe zilizoimarishwa na madirisha madogo yaliyo mbali na pembe. Bonde la Ufa la Afrika Mashariki ni mojawapo ya maeneo yanayopaswa kuzingatia jambo hilo.

Afya ya wakazi pia inahusika. Nyufa za kuta na sakafu za udongo ni makazi ya papasi, wanaoambukiza homa ya vipindi, pamoja na kunguni na panya. Kwa hiyo kuziba nyufa na kusawazisha sakafu ni sehemu ya ujenzi wenyewe. Wakati wa kazi, chokaa huunguza ngozi na macho, hivyo glavu na miwani ni lazima.

Warsha zenyewe zina upungufu. Mtu aliyejenga ukuta mmoja kwa wiki moja hajawa fundi: hajauona ukuta huo baada ya misimu kadhaa ya mvua, wala hajaukarabati. Baadhi ya warsha hutoza ada ambayo wenye shida kubwa zaidi ya nyumba hawaimudu. Pia vifaa vinaweza kuwa rahisi kwa bei huku kazi ikiwa nyingi, na asiyehesabu siku za kazi hukadiria gharama vibaya. Sehemu nyingine kanuni za ujenzi au benki hazitambui nyumba ya udongo kuwa ya kudumu, hata iwe imara namna gani.

Kwa sababu hizo warsha yenye manufaa huwa na fundi mzoefu wa eneo lenyewe, hutumia udongo wa mahali hapo, na hurudi kulikagua jengo baada ya mvua. Ukaguzi huo huonyesha mahali lipu ilipopasuka, upenu uliokuwa mfupi na mchanganyiko uliokosewa, na wanafunzi hujifunza kurekebisha makosa yao wenyewe.