KULENGA SHABAHA: KUNDI KWANZA, KATIKATI BAADAYE

Wengi wenu mmeona mafunzo ya mgambo. Hapa kwetu Mkoa wa Songwe, watu wa Mbozi, Momba, Ileje, Songwe na mji wa Tunduma huingia mafunzo hayo, wanaume kwa wanawake. Hufundishwa gwaride, ukakamavu na ulinzi wa kijiji. Pia hufundishwa kutumia bunduki na kulenga shabaha. Mafunzo yakifungwa, mara nyingi mgeni rasmi humpa zawadi yule aliyeshinda shabaha.

Sasa basi, kwa nini mmoja anapiga katikati ya karatasi, na mwenzake hata karatasi yenyewe haigusi? Wengi husema, "Yule kazaliwa na jicho." Wengine husema, "Yule ana mkono wa chuma." Aa, sivyo. Shabaha ni kazi ya kujifunza, kama kusoma na kuandika. Hebu tuone inavyofundishwa.

RISASI TANO ZA KWANZA

Tuchukue mfano wa kuruta mmoja wa mgambo. Ni mama wa watoto wawili, mkulima wa kahawa na mahindi huko Mbozi. Siku ya kwanza uwanjani alipewa risasi tano. Karatasi ilikuwa mita 100 mbele yake. Alilala kifudifudi, akafumba jicho moja, akapiga. Risasi moja tu ndiyo ilionekana kwenye karatasi, tena pembeni kabisa. Nne hazikujulikana zilikokwenda.

"Afande, macho yangu mabovu," alisema. "Niondoe kwenye shabaha, nibaki na gwaride."

"Kuruta, kule juu ya mti unaona nini?" aliuliza mwalimu.

"Naona njiwa wawili, afande."

"Basi macho unayo. Kitu usichonacho ni utaratibu."

Mama yule hakufurahi. Aliona kwamba wenzake watamaliza na yeye atabaki nyuma. Isitoshe, risasi za mafunzo huhesabiwa. Huwezi kupiga ovyo mpaka upate kwa bahati. Lakini mwalimu alisema kweli, na jambo la kwanza alilomfundisha ni kusoma karatasi.

SOMA KARATASI YAKO

Chukua karatasi tatu, kila moja imepigwa risasi tano.

Karatasi ya kwanza ina matundu yaliyotawanyika. Moja juu, moja chini, moja liko katikati kabisa.

Karatasi ya pili ina matundu matano yaliyokusanyika pamoja. Kiganja kimoja kinayafunika yote. Lakini yako pembeni, mbali na katikati.

Karatasi ya tatu ina matundu matano yaliyokusanyika, tena yako katikati.

Je, ya kwanza na ya pili, ipi ni nzuri zaidi? Wengi watasema ya kwanza, eti kwa sababu imegusa katikati. Hapana. Tundu lile la katikati ni la bahati. Mpigaji huyo akipewa risasi nyingine tano, hajui zitakwenda wapi.

Mpigaji wa karatasi ya pili ndiye anayejua kazi. Amefanya jambo lile lile mara tano. Kilichobaki ni kusogeza lile kundi lake. Pengine alama za kulengea za bunduki zimepinda, na mwalimu atazirekebisha. Pengine analenga mahali pasipo penyewe, ataambiwa. Kundi likikaa pamoja, kulileta katikati ni kazi ndogo.

Kwa hiyo sheria yetu ni hii: KUNDI KWANZA, KATIKATI BAADAYE. Usitafute katikati. Tafuta kurudia jambo lile lile.

MILIMITA MOJA NI KITU GANI?

Bunduki ndefu ina alama mbili za kulengea. Moja iko nyuma, karibu na jicho. Ina mwanya mdogo. Nyingine iko mbele, mwisho wa mtutu. Ni kijiti kidogo kilichosimama. Mpigaji hutazama kupitia mwanya wa nyuma, akakiweka kijiti cha mbele katikati ya mwanya, ncha yake ikiwa sawa na kingo za mwanya.

Mkulima wa kahawa anaijua kazi hii. Unapopanga mistari ya shamba jipya, unachomeka vijiti. Unasimama nyuma ya kijiti cha kwanza na kutazama. Kijiti cha pili kikikaa upande kidogo tu, mwisho wa shamba mstari umekwenda kwa jirani.

Hebu tufanye hesabu. Tuseme kutoka alama ya nyuma hadi ya mbele ni nusu mita. Karatasi iko mita 100. Katika mita 100 zimo nusu mita 200. Kwa hiyo kosa la hapa mkononi huzidishwa mara 200 likifika kule. Kijiti cha mbele kikikaa milimita 1 upande, risasi itakwenda milimita 200 upande. Hiyo ni sentimeta 20, karibu urefu wa kalamu mpya ya risasi. Mama yetu alikuwa anakosea milimita 3 au 4. Ndiyo sababu risasi nne hazikuigusa karatasi.

MAMBO MATANO YA KURUDIA

1. Mlalo. Lala kifudifudi, miguu imeachana, viwiko vimekaa imara. Kitako cha bunduki kikae bondeni mwa bega, mahali pale pale kila mara. Shavu nalo liguse kitako mahali pale pale. Bunduki ibebwe na mifupa ya mikono na ardhi, si kwa nguvu za misuli. Msuli huchoka na kutetemeka. Mfupa hauchoki.

Sasa jipime. Lenga, halafu fumba macho. Vuta pumzi mara mbili, kisha fumbua. Je, bunduki bado inatazama shabaha? Kama imehama, usiisukume kwa mikono. Sogeza mwili wote, kiuno na miguu, mpaka bunduki ielekee yenyewe. Ukiilazimisha kwa mikono, wakati wa kufyatua itarudi kule inakotaka.

2. Jicho. Jicho haliwezi kuona vitu vitatu vizuri kwa wakati mmoja. Jaribu nyumbani. Shika njiti ya kiberiti mbele yako na utazame ncha yake. Utaona mti ulio nyuma umekuwa na ukungu. Ukiutazama mti, njiti inakuwa na ukungu. Wanaoanza hutazama karatasi kwa hamu, kijiti cha mbele kinahama bila wao kujua. Wewe tazama kijiti cha mbele. Karatasi iwe na ukungu, usijali.

Pia ujue jicho lako lenye nguvu. Nyosha mkono, elekeza kidole gumba kwenye mti ulio mbali, macho yote yakiwa wazi. Fumba jicho la kushoto. Kidole kikibaki kwenye mti, jicho lako la nguvu ni la kulia. Kikiruka pembeni, ni la kushoto. Mwambie mwalimu wako. Kuna watu wamehangaika siku nyingi kumbe wanalengea jicho lisilo lao.

3. Pumzi. Ukivuta pumzi, kifua kinapanda na mtutu unashuka. Ukiitoa, mtutu unapanda. Vuta pumzi, toa nusu, halafu tulia. Piga katika utulivu huo. Zikipita sekunde nane hivi hujapiga, acha. Pumua, anza upya. Ukikaa sana bila pumzi, macho huanza kufifia na mikono kutetemeka.

4. Kidole. Hapa ndipo wengi huharibu. Kifyatulio, wengi tunaita triga, hakivutwi kwa pupa. Kinabanwa polepole, kwa ncha ya kidole, kuelekea nyuma moja kwa moja, kama unavyokamua ng'ombe mkali. Mlio ukushtue kidogo. Ukijua sekunde yenyewe ambayo bunduki italia, mwili unajikaza kabla, bega linasukuma, jicho linafumba. Risasi imeharibika kabla haijatoka.

5. Kutulia baada ya mlio. Usiinue kichwa haraka kutazama umepata nini. Baki umelala, jicho likiwa kwenye kijiti, kidole kimebana. Hesabu moja, mbili. Halafu achia. Anayezoea kuinua kichwa baada ya mlio, siku moja atainua kabla ya mlio.

MAZOEZI BILA RISASI

Mama yule hakupewa risasi nyingine kwa siku tatu. Alikasirika, lakini alitii. Mwalimu alikagua bunduki, akahakikisha haina risasi, akamkagulisha na yeye kwa macho yake. Halafu aliweka sarafu ya shilingi 100 juu ya mtutu. "Bana triga," alisema, "na hela isianguke."

Mara ya kwanza ilianguka. Mara ya pili ilianguka. Siku ya kwanza ilianguka karibu kila mara. Siku ya tatu alibana mara ishirini na sarafu ilianguka mara mbili tu. Ndipo akapewa risasi tano. Alipofuata karatasi yake, matundu yote matano yalikuwapo, yamekusanyika chini upande wa kushoto. Kiganja chake kiliyafunika.

"Lakini katikati hakuna hata moja, afande."

"Hilo ni letu mimi na bunduki," alisema mwalimu. "Wewe umemaliza kazi yako."

HATA BINGWA HUKOSEA

Kulenga shabaha ni mchezo mkubwa duniani. Umo katika Michezo ya Olimpiki, na ulikuwamo hata katika ile ya kwanza ya mwaka 1896. Hapa Tanzania, majeshi yetu hushindana katika mchezo huo. Katika bunduki ya mita 50 ya Olimpiki, duara la katikati lina upana wa milimita 10 na kidogo. Ni kama ukucha wa kidole kidogo.

Mwaka 2004 huko Athens, Ugiriki, Mmarekani Matthew Emmons alikuwa anaongoza fainali. Ilibaki risasi moja. Alipiga, lakini karatasi aliyoipiga haikuwa yake. Ilikuwa ya mstari wa jirani. Akapewa sifuri, akashuka mpaka nafasi ya nane. Kosa halikuwa la mkono wake. Aliruka hatua moja ndogo, ile ya kutazama namba ya karatasi yake. Hakukata tamaa. Mwaka 2012 huko London alipata medali ya shaba katika shindano la aina hiyo hiyo.

Mwingine ni Károly Takács wa Hungaria, mpigaji wa bastola. Mwaka 1938 bomu la mkono lilimharibu mkono wa kulia, ule aliopigia. Akajifunza upya kwa mkono wa kushoto. Alishinda medali ya dhahabu mwaka 1948, akashinda tena mwaka 1952. Je, bado tutasema mtu huzaliwa na mkono wa shabaha?

RISASI HAINA MACHO

Ndugu wasomaji, lipo jambo kubwa kuliko zawadi. Zile risasi nne za mama yetu ambazo hazikugusa karatasi, zilikwenda wapi? Nyuma ya karatasi palikuwa na kilima cha udongo, na kiliziingiza tumboni. Bila kilima, risasi ya bunduki ya vita huweza kuruka zaidi ya kilometa 2. Huko mbele yako mashamba, wako watoto wanaochunga. Anayekosa karatasi hajui anampata nani. Ndiyo sababu shabaha nzuri ni sehemu ya usalama.

Kwa hiyo shika haya siku zote:

Kila bunduki ihesabu ina risasi, hata ukiambiwa haina. Mtutu usimwelekee mtu kamwe, hata kwa mzaha. Kidole kikae nje ya triga mpaka umelenga na umeamriwa. Jua kilichoko nyuma ya shabaha yako.

Tena, mazoezi ya bunduki hufanywa uwanjani tu, chini ya mwalimu. Usijaribu nyumbani, wala kwa gobole la babu. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 inataka kila mwenye silaha awe na leseni. Sisi wa Tunduma tuko mpakani, Nakonde ya Zambia iko hatua chache tu. Kuvusha bunduki au risasi mpakani bila kibali ni kosa kubwa. Ukiona silaha isiyo na mwenyewe, usiiguse. Toa taarifa kwa mwenyekiti wa kijiji au polisi.

Lakini jicho, pumzi na utulivu unaweza kuvifanyia mazoezi nyumbani bila bunduki yoyote. Njiti ya kiberiti inatosha.

Siku ya kufunga mafunzo, mama yule hakuchukua zawadi ya kwanza. Aliichukua kijana mwingine. Lakini risasi zake tano zote zilikuwa kwenye karatasi, nne ndani ya duara jeusi. Karatasi ile aliikunja, akaenda nayo nyumbani kuwaonyesha watoto. Haraka haraka haina baraka, na shabaha ndivyo ilivyo.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KISOMO

1. Kwa nini kundi la matundu lililo pembeni ni bora kuliko matundu yaliyotawanyika?
2. Kutoka alama ya nyuma hadi ya mbele ni nusu mita. Karatasi iko mita 50. Kijiti kikikosea milimita 1, risasi itakosa kwa sentimeta ngapi?
3. Matthew Emmons aliruka hatua gani? Katika kazi yako ya shamba, ni hatua gani ndogo ambayo ukiiruka unaharibu kazi yote?
4. Taja mambo manne ya usalama wa bunduki.